Gharama ya Mbwa Aliyevunjika Mguu

Tumepokea barua kutoka Lufingo, katika Wilaya ya Rungwe. Aliyeiandika ni mkulima, baba wa watoto wanne, mwenye migomba, chai kidogo na miti michache ya parachichi, pamoja na ng'ombe mmoja wa maziwa alishwaye bandani. Ameomba tusilitaje jina lake, nasi hatulitaji. Neno analouliza ni hili: je, ni halali kwa Mkristu mwenye watoto kutoa fedha nyingi ili kumtibu mbwa?

Mbwa mwenyewe huitwa Simba. Usiku mmoja wa mvua pikipiki ilimgonga kando ya barabara, ikaenda zake. Watoto walimkuta alfajiri chini ya migomba, ameukunja mguu wa mbele, anatetemeka. Afisa mifugo alikuja, akamfunga mdomo kwa kitambaa asije akauma kwa maumivu, akaupapasa mguu, akasema mfupa umevunjika chini ya kiwiko lakini haukutoboa ngozi. Kisha akamweleza mwenye nyumba njia tatu. Ya kwanza ni kumpeleka Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kutoka Tukuyu, apasuliwe na mfupa uungwe kwa chuma. Kazi hiyo pamoja na nauli ilikisiwa kuwa shilingi 250,000. Ya pili ni kuufunga mguu kwa banzi papo hapo, kumpa dawa za kutuliza maumivu, na kumfungia mahali pakavu kwa majuma sita au zaidi. Hiyo ni shilingi 40,000, na huenda mguu ukapona ukiwa umepinda. Ya tatu ni sindano ya kumlaza asiamke tena.

Ndani ya nyumba zimo shilingi 300,000. Ni fedha za parachichi, nazo zimewekwa kwa ajili ya binti mkubwa aliyechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni. Ada haidaiwi, lakini godoro, ndoo, sare, viatu, madaftari na nauli havitolewi bure. Mke wa ndugu yetu amesema wazi kwamba fedha hizo hazitaguswa kwa ajili ya mbwa. Majirani wamecheka. Watoto wamelia, na kati yao aliaye zaidi ni binti yule yule mwenye fedha. Naye baba hakulala, kwa kuwa anakumbuka usiku mmoja, miaka miwili iliyopita, wezi walipokuwa wamekwisha kuifungua kamba ya ng'ombe, na Simba akabweka mpaka watu wakaamka.

Twajua wako watakaosema kwamba gazeti limekosa habari hata likaandika juu ya mguu wa mbwa. Sisi hatuoni hivyo. Mtu akitaka kujua mwenziwe anaamini nini, na atazame fedha yake inakwenda wapi pale isipotosha kwenda kila mahali. Tajiri aweza kumtibu mbwa, kumsomesha binti na kununua godoro kwa siku moja, wala hatajua moyoni mwake ni kipi kilichokuwa cha kwanza. Mwenye shilingi 300,000 hana budi kujua.

Kwanza twataka tuseme neno juu ya ng'ombe, maana ndugu yetu ameandika jambo ambalo yeye mwenyewe labda hakuliona. Asema kwamba mwaka jana ng'ombe wake alishikwa na ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe, akatoa fedha za sindano siku ile ile bila kumwuliza mtu. Hakuna jirani aliyecheka, wala mke hakununa, wala hakuna aliyeliandikia gazeti. Wote walijua kwamba ndigana haingoji, na ng'ombe wa maziwa asipowahiwa hufa katika siku chache. Katika nchi ya Wanyakyusa jambo hili lina mizizi mirefu. Wazee wa zamani walilala nyumba moja na ng'ombe wao, wakiwafagilia na kuwakogea moto. Na mahari, urafiki na heshima vyote vilitembea kwa miguu ya ng'ombe. Sotoka ilipopita katika Afrika Mashariki tangu mwaka 1890 na miaka iliyofuata, haikuua mifugo tu, bali ilibomoa nyumba za watu. Ugonjwa huo ulitangazwa umetoweka duniani mwaka 2011, nao uliondolewa kwa chanjo, yaani kwa watu kukubali kutoa kidogo kabla ya kulazimika kupoteza kingi.

Basi kwa ng'ombe hesabu ni nyepesi: atoa maziwa, maziwa yatoa fedha, fedha yamrudia kwa dawa. Lakini tusijisifu sana kwa huruma ya namna hiyo. Mara nyingi si mnyama tunayemtibu, bali mfuko wetu. (Na hapo hapo kuna dhambi isiyoungamwa: mtu humdunga ng'ombe dawa leo, na kesho huyauza maziwa yake mtaani, hali mganga wa mifugo amemwambia angoje siku kadhaa. Wanaokunywa ni watoto wa watu.) Mbwa hatoi maziwa. Alinda, ni kweli, lakini mlinzi mwingine aweza kupatikana kwa kumwomba jirani mtoto wa mbwa, tena bure. Kwa hiyo mtu anapomtazama mbwa mgonjwa, hesabu ya faida humwishia njiani, na hapo ndipo aanzapo kujiuliza kama anadaiwa lolote na kiumbe asiyeweza kumlipa.

Maandiko Matakatifu hayakunyamaza katika jambo hili. Kitabu cha Methali chasema kwamba mwenye haki huiangalia hali ya mnyama wake. Torati yamwamuru mtu amsaidie punda aliyelala chini ya mzigo wake, hata kama punda huyo ni wa adui. Bwana wetu, alipobishana na Mafarisayo juu ya Sabato, aliwakumbusha kwamba hakuna kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani angengoja kesho ndipo amtoe. Tazameni: hakuwalaumu kwa kumtoa ng'ombe. Aliichukua huruma yao kwa mnyama kuwa jambo lililokwisha kukubaliwa, kisha akawauliza kwa nini wanamnyima mwanadamu mgonjwa huruma ile ile. Na katika mfano wa Lazaro, yule maskini aliyelala mlangoni mwa tajiri, mbwa ndio waliokuja kuvilamba vidonda vyake, tajiri hakuja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaligusa swali la ndugu yetu karibu kana kwamba iliandikwa Lufingo. Katika fungu la 2418 yafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kumtesa mnyama au kumwua bila sababu hakulingani na heshima ya mwanadamu, na kwamba haifai pia kumtolea mnyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Yaongeza kwamba kuwapenda wanyama ni halali, ila wasipewe yale mapendo wanayostahili wanadamu peke yao. Watu wengine hulisoma nusu ya kwanza tu, na wengine nusu ya pili tu.

Wanaosoma ya pili tu ni wengi kwetu. Hao husema, "Mbwa ni mbwa," na kwa neno hilo hujiona wamekwisha kutenda haki. Mbwa akiumia hutupwa sokoni au huachwa nyuma ya nyumba mpaka alie usiku tatu. Mwingine hufungwa kamba shingoni na kupewa vijana wakammalize kwa mawe, na watoto wadogo wasimama kutazama. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi karne ya 13, hakuhesabu wanyama kuwa sawa na watu hata kidogo, lakini alionya kwamba anayezoea ukatili kwa mnyama atauhamishia kwa mwanadamu. Nasi twaongeza kwamba watoto wale wanaotazama mawe watakuwa baba za watu.

Tena kuna kicheko cha majirani, nacho tumekipima. Jirani asema kwamba fedha ya kumtibu mbwa ingewafaa maskini. Maneno hayo yana sura nzuri. Lakini tumeyasikia zamani, katika nyumba ya Betania, Maria alipompaka Bwana marhamu ya thamani; na aliyesema afadhali ingeuzwa wapewe maskini alikuwa Yuda, naye, asema Yohane, hakuwajali maskini. Hatumfananishi jirani yeyote wa Lufingo na Yuda. Twauliza tu kama shilingi 40,000 za banzi zisipotolewa, zitakwenda kweli kwa mjane wa kitongojini, au zitakwenda pale zinapokwenda siku zote jioni ya Jumamosi. Mtu anayekunywa bia za fedha hiyo kwa mwezi mmoja, kisha akamcheka mwenziwe anayemfunga mbwa mguu, na afute kwanza povu mdomoni.

Wanaosoma nusu ya kwanza tu wako zaidi katika nchi tajiri, ingawa mijini kwetu nao wameanza kuonekana. Papa Fransisko, aliyeandika barua ya Laudato Si' mwaka 2015 na kututaka tuvitunze viumbe vyote, ndiye aliyesikitika mwezi wa Januari mwaka 2022 kwa sababu ya ndoa zinazokataa watoto na kuweka mbwa na paka mahali pao. Watu wengine walimkasirikia. Lakini yeye hakuchukia mbwa. Aliona kiti cha mtoto kimekaliwa na asiyekuwa mtoto. Hata hivyo haifai kudhani kwamba kumtibu mnyama ni anasa ya matajiri tu. Mwaka 1917, vita vikuu vikiendelea, mwanamke mmoja wa Uingereza, Maria Dickin, alifungua zahanati ya wanyama katika chumba cha chini ya nyumba huko Whitechapel, mtaa wa maskini wa London, kwa ajili ya wale wasioweza kulipa. Mafukara walifika na punda, mbwa na paka zao. Mnyama wa maskini mara nyingi ni mlinzi wake, mbeba mzigo wake na mwenzi wake kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye barua, maana kuna mstari mmoja ndani yake uliotuzuia kuijibu siku ile tuliyoipata.

Ndugu yetu ameandika kurasa mbili. Ameeleza rangi ya mbwa, umri wake, jinsi alivyopatikana, jinsi alivyobweka usiku wa wezi, jinsi anavyotazama sasa akiletewa maji. Ni maelezo mazuri. Tumeyasoma na kumpenda mbwa huyo. Lakini katikati ya ukurasa wa pili, akitaka kuonyesha kwamba nyumba yake ina matumizi mengi, asema: "Na mama yangu naye macho yamepata ukungu, huu ni mwaka wa pili." Basi. Baada ya hapo arudi kwa Simba.

Hatusemi neno hili ili kumwaibisha. Twamjua mtu huyu kwa sababu yuko katika kila nyumba, na katika nyumba zetu sisi waandishi pia. Mbwa analia, na kilio chake kinasikika. Mama wa Kinyakyusa aliyelea watoto katika mvua na tope la Rungwe halii. Ukimwuliza atasema, "Sijambo mwanangu, ni uzee tu," kisha atapapasa ukuta mpaka jikoni. Tena ajali ya mbwa ilitokea usiku mmoja, lakini ukungu wa jicho huingia polepole, kila siku kidogo, hata nyumba nzima huuzoea. Wala si lazima uwe uzee tu. Mara nyingi ukungu wa namna hiyo kwa wazee ni mtoto wa jicho, nao huondolewa kwa upasuaji mfupi, na aliyeingia akiongozwa kwa mkono hutoka akiwataja wajukuu wake kwa nyuso zao. Kama ni hivyo au ni jambo jingine, daktari wa macho ndiye awezaye kusema. Lakini hawezi kusema asipomwona.

Tulipofika hapo tulikumbuka Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti, mtu wa sadaka, alipata utando mweupe machoni akapofuka. Mwanawe Tobia alisafiri mbali pamoja na malaika Rafaeli, asijue kuwa ni malaika, na mbwa wa kijana akafuatana nao. Kitabu kinamtaja mbwa huyo wakati wa kuondoka, na tena wakati wa kurudi. Hakuna alilotenda; alitembea tu nyuma yao. Lakini waliporudi nyumbani mbwa akiwa nyuma yao, Tobia alikuwa mbele na nyongo ya samaki mkononi, akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akampaka machoni, na utando ukabanduka. Wote wamo katika hadithi ile moja, baba, mwana, malaika na mbwa, wala mbwa hakufukuzwa ili baba apone.

Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu wa Lufingo ni hili, naye alipime pamoja na mke wake, si peke yake.

Shilingi 250,000 za Mbeya asizitoe. Si kwa sababu mbwa hastahili, bali kwa sababu fedha hizo si zake tena. Siku alipomwambia binti yake, "Hizi ni za shule yako," alizitoa mkononi mwake. Sasa yeye ni mtunzaji tu. Binti analia kwa ajili ya mbwa, na huenda akasema kwa moyo wake mwema, "Baba, chukua." Asichukue. Sadaka ya mtoto wa miaka 13 au 14, itolewayo usiku mmoja wa machozi, mzazi hapaswi kuipokea, maana mtoto hajui bado njia ya kwenda bweni bila godoro. Wala asikope. Tumeona nyumba zilizokopa kwa riba kwa ajili ya harusi na mazishi zikajutia; sembuse kwa mguu ambao una tiba nyingine.

Shilingi 40,000 za banzi na azitoe, lakini si katika fungu la binti. Asema ana mkungu mmoja mmoja wa ndizi wa kuuza kila juma, na maziwa ya jioni. Basi nyumba nzima ijinyime kidogo kwa majuma machache, hata watoto, kwa maana mbwa ni wao wote, na ni vizuri wajue kwamba huruma ina bei. Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa wanyama husahau: mbwa hahuzuniki kwa kilema kama mtu. Hajui kwamba mguu wake umepinda, wala haoni haya mbele ya wenzake. Wako mbwa wengi wanaoishi kwa miguu mitatu, wakikimbia na kubweka kama kwanza. Anachohitaji Simba ni maumivu yapungue, mfupa utulie, chakula kiwepo na mahali pasivuje. Hayo yote yapatikana Lufingo.

Lakini dawa ya maumivu iwe ile aliyoitoa mganga wa mifugo. Tunaonya kwa nguvu, maana twajua desturi ya kukimbilia duka la dawa. Vidonge vya watu kama diklofenaki na ibuprofeni vyaweza kulitoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Na paka akipewa panado hata kidogo hufa. Mtu aliyetaka kuokoa shilingi 5,000 humwua mnyama wake kwa mkono wa upole. Banzi nalo litazamwe kila siku. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikitoa harufu, aitwe mganga mara moja, kwa kuwa kitambaa kilichokazwa mno huozesha mguu uliokuwa unapona.

Na kama banzi halikufaa? Kama mguu ukioza, au mbwa asipokula tena na kila pumzi ni kilio? Hapo njia ya tatu haina dhambi. Watu wengine waogopa neno hili kwa sababu Kanisa lafundisha, na litaendelea kufundisha, kwamba si halali kumwua mgonjwa ili kumwondolea maumivu. Ni kweli, na uhai wa mwanadamu si wetu kuukata. Lakini mnyama alikabidhiwa kwa uangalizi wetu kwa namna nyingine. Hana roho isiyokufa ya kuiandaa, hawezi kuyaunganisha mateso yake na mateso ya Kristu, hana ila maumivu tu. Kuyakatisha kwa sindano ya mtu ajuaye kazi ni tendo la mtunzaji mwema. Isiwe sumu, wala kamba, wala mawe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, lakini hata pasingekuwa na sheria, aliyelinda zizi miaka yote hapaswi kufa kwa mikono ya vijana wenye kelele. Na baba awepo, amshike kichwa.

Lipo jambo moja ambalo barua haikulitaja kabisa, nalo latutia hofu kuliko mguu. Je, Simba amechanjwa?

Katika Tanzania mbwa wengi wanaopendwa hawajawahi kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili zake kwa mtu, mgonjwa karibu kila mara hufa, na kifo chake hakisahauliki na yeyote aliyekiona. Karibu watu wote wanaoupata duniani huupata kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watoto, kwa sababu watoto ndio wachezao na mbwa, tena ndio wafichao jeraha wakiogopa kuchapwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikisia kwamba katika Tanzania watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka kwa ugonjwa huo. Lakini una kinga. Wataalamu wafundisha kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Huko Pemba jambo hili limeshuhudiwa: mbwa walichanjwa, ugonjwa ukatoweka, ukaingizwa tena mwaka 2016, wakachanjwa tena, ukazimika tena.

Tazameni basi hesabu yetu ilivyopinduka. Chanjo ya mbwa ni fedha kidogo, na kila mwaka, karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mahali pengi hutolewa bure. Tena mtoto wa mbwa aliyefikisha miezi mitatu aweza kuchanjwa. Hiyo hatuitoi, kwa kuwa siku ile tulikuwa shambani, au mbwa alikataa kamba. Kisha mbwa amwuma mtoto, na sasa twatafuta sindano za mtu, dozi baada ya dozi, kwa siku zilizopangwa, hospitali moja hazimo na nyingine ni mbali, na nauli inakula fedha ya mbolea. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku ile ile bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Wala asipake majani, wala pilipili, wala mafuta ya gari.

Kwa hiyo tukiulizwa ni kiasi gani kitolewe kwa mbwa, twasema kiasi cha kwanza ni kile cha chanjo, na hicho hakina mjadala katika nyumba yoyote yenye mbwa, iwe ya tajiri au ya fukara. Asiyeweza kulipa au kusafiri kwa ajili ya chanjo hata mara moja kwa mwaka asifuge mbwa, kwa maana anafuga hatari ya watoto wa jirani.

Binti wa Lufingo ameongeza maneno machache chini ya barua ya baba yake, kwa mwandiko mzuri wa shule. Auliza kama Simba akifa atakwenda mbinguni. Tumejadiliana, na mmoja wetu alitaka kumjibu kwa mafundisho marefu juu ya roho za wanyama. Tumeona tumwambie hivi: binti yetu, Bwana alisema kwamba shomoro wauzwao kwa bei ndogo kabisa hakuna hata mmoja anayeanguka pasipo Baba kujua. Simba alipogongwa usiku ule gizani, nanyi nyote mmelala, Baba alijua. Zaidi ya hayo hatukufunuliwa. Nenda shule, na godoro lako liwe jipya.

Na kwako, ndugu yetu: ikiwa mwaka huu safari ya Mbeya itapatikana, kwa gari la kukodi au kwa basi la asubuhi kutoka Tukuyu, mwenye kukaa kwenye kiti awe mama. Usimwulize kama anataka, maana atakataa. Mwambie siku na saa, kama ulivyomwita mganga wa ng'ombe bila kumwuliza mtu. Parachichi za msimu ujao zikichumwa, fungu la kwanza liwe la macho yake, kabla ya bati na kabla ya simu mpya. Simba atabaki bandani na banzi lake, karibu na ng'ombe aliyemwokoa, na watoto wadogo wampelekee maji.

Tutafurahi kupata barua yako ya pili, na kama ukiandika, tafadhali anza na habari za mama.